Meno na Kikombe cha Chai: Ushauri kwa Familia za Kapsoit na Nyanda za Kericho na Bomet

Kapsoit ni kituo cha biashara kilicho kando ya barabara inayotoka mji wa Kericho na kuteremka kuelekea Awasi na Ahero, mahali ambapo nyanda za juu za chai zinaanza kuipisha nchi ya miwa iliyo upande wa Soin, Muhoroni na Chemelil. Katika mwendo mfupi wa matatu mtu hupita kati ya mazao mawili yanayokutana kila siku ndani ya kikombe kimoja, yaani majani chai na sukari, na idadi ya mara mazao hayo yanapokutana kinywani tangu alfajiri hadi wakati wa kulala ina uzito mkubwa katika kuamua iwapo meno ya wakazi wa Kapsoit, Litein, Sotik na Bomet yatadumu hadi uzeeni au yatang'olewa moja baada ya jingine kabla ya umri wa makamo. Meno hayaozi kwa mkosi wala kwa sababu ukoo fulani umezaliwa na meno mabovu, kama inavyosemwa mara nyingi. Huoza kwa sababu zinazojulikana, ambazo nyingi zimo katika uwezo wa familia yenyewe, ingawa ni vigumu kuzishika barabara bila kwanza kuelewa jino limeundwaje.

Sehemu ya jino inayoonekana kinywani huitwa taji, sehemu iliyozama katika mfupa wa taya huitwa mzizi, na mahali zinapokutana, penye ukingo wa ufizi, huitwa shingo ya jino. Taji limefunikwa na enameli, tabaka jeupe ambalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa binadamu, kwa kuwa takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa fuwele za kalsiamu na fosfeti zilizopangika kwa kubanana sana. Juu ya vilele vya magego unene wa enameli unaweza kufikia milimita 2.5, lakini kadiri inavyokaribia shingo ndivyo inavyopungua. Enameli haina mishipa ya damu wala ya fahamu, na seli zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza, jambo ambalo lina maana kubwa kuliko ugumu wake wote: mfupa uliovunjika huunga na ngozi iliyochanika hupona, ilhali enameli iliyotoboka haioti tena, na chochote ambacho daktari atakifanya baadaye ni kiraka, hata kikiwa kiraka kizuri.

Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ina rangi ya manjano hafifu na ni laini zaidi, kwa sababu madini ni takriban asilimia 70 tu ya uzito wake na sehemu inayosalia ni nyuzi za protini pamoja na maji. Dentini imepenywa na vijifereji visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu katika kila milimita mraba, vinavyotoka karibu na enameli hadi ndani kabisa ya jino, na hivyo ndivyo vinavyofikisha baridi ya maji ya asubuhi ya mwezi wa Julai, au ukali wa kitu kitamu, kwenye mishipa ya fahamu. Katikati ya jino kuna kiini, chumba chenye nyama laini na mishipa inayoingia kupitia ncha ya mzizi. Kiini hulipa jino uhai, na kikivimba ndani ya chumba hicho kisichoweza kupanuka huleta maumivu yale yanayomfanya mtu mzima atembee usiku kucha akishika shavu. Mzizi hauna enameli, bali umefunikwa na tabaka jembamba liitwalo sementi, na kati ya sementi na mfupa wa taya zimo nyuzi fupi zinazolishikilia jino na kuliruhusu kubonyea kidogo sana wakati wa kutafuna. Ufizi unaporudi nyuma kwa umri au kwa ugonjwa, mzizi huo huachwa wazi, na kwa kuwa sementi na dentini huyeyuka kwa urahisi kuliko enameli, wazee wengi hupata matundu penye shingo ya jino ilhali sehemu ya juu ingali nzima.

Mtoto huota meno 20 ya utotoni, la kwanza likichomoza aghalabu akiwa na umri wa miezi 6 hivi, na mtu mzima huwa na meno 32 iwapo magego ya mwisho yote yamepata nafasi. Enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba, takriban nusu ya ile ya meno ya ukubwani, na kwa hiyo tundu ambalo kwa mtu mzima lingechukua miaka kufika kwenye kiini, kwa mtoto linaweza kufika katika miezi michache. Dhana kwamba meno hayo hayahitaji kutunzwa kwa sababu yatang'oka ni ya kupotosha: magego ya utotoni hutumika hadi mtoto afikishe miaka 10 au 12, huyashikia nafasi meno yanayokuja, na jipu kwenye mzizi wake linaweza kuharibu jino la kudumu linaloundwa chini yake.

Kuoza kwenyewe ni kazi ya viumbe wadogo. Kinywa cha kila mtu kina bakteria wa aina nyingi wanaojishikiza juu ya meno na kufanyiza utando laini unaonata, yaani ukoga, na miongoni mwao wamo wanaopenda sukari kupita kiasi, kama vile Streptococcus mutans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka wa 1924. Bakteria hao huivunja sukari ili wapate nguvu, na taka wanayoitoa ni asidi. Ukali wa asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kwa maji safi husoma 7 na namba inaposhuka asidi huwa kali zaidi. Enameli huanza kupoteza madini pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na kushuka huko hutokea dakika chache tu baada ya sukari kuingia kinywani. Hapo mate huanza kazi yake. Mwili hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, nayo huisafisha sukari, huipooza asidi na kuirudishia enameli kalsiamu na fosfeti iliyopotea, lakini kazi hiyo huhitaji kati ya nusu saa na saa nzima bila kuingiliwa. Jino lenye afya, basi, hupoteza na kurudishiwa madini kila siku, na huanza kuoza pale tu muda wa kupoteza unapozidi muda wa kurudishiwa kwa wiki na miezi mfululizo.

Dalili ya kwanza ya kushindwa huko si tundu, wala si maumivu. Ni doa jeupe lisilong'aa, lenye sura ya chokaa, ambalo hutokea karibu na ufizi au kandokando ya mifereji iliyo juu ya gego, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kurudishiwa madini na kuwa gumu tena. Doa likipuuzwa asidi hupenya hadi dentini, na kwa kuwa dentini ni laini, uozo hutanuka kwa upana chini ya enameli, kama mchwa wanavyoila nguzo kwa ndani huku gamba la nje likionekana zima, hadi siku moja kipande cha enameli kinapovunjika kwa punje ya muhindi na mwenye jino kudhani kwamba muhindi ndio uliolivunja.

Ushahidi kwamba wingi wa nyakati una uzito kuliko wingi wa sukari yenyewe ulipatikana kwa njia isiyopaswa kurudiwa. Kuanzia miaka ya 1940, katika taasisi ya Vipeholm karibu na mji wa Lund nchini Sweden, watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa walipewa sukari kwa namna mbalimbali, wengine katika mlo na wengine kwa peremende za kunata kati ya milo, na jaribio hilo ni doa katika historia ya tiba. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1954 yalionyesha waziwazi kwamba sukari iliyoliwa pamoja na mlo iliongeza matundu kidogo tu, na ile ya kunata iliyoliwa kati ya milo iliyaongeza maradufu na zaidi. Waliodhulumiwa kwa ajili ya maarifa hayo wanastahili angalau kwamba maarifa hayo yatumike.

Katika nyanda za chai matumizi yake yako wazi. Mkulima au mchumaji wa kawaida hunywa chai ya maziwa kabla ya kuingia shambani, chai ya saa nne, chai baada ya chakula cha mchana, chai ya saa kumi baada ya kufikisha majani kwenye kituo cha kuuzia, na kikombe kingine jioni mgeni anapobisha hodi, kwa kuwa katika nyumba ya Mkipsigis mgeni haondoki bila chai. Iwapo kila kikombe kina vijiko viwili, na kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4, vikombe vitano ni gramu 40 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Lakini tatizo kubwa zaidi kwa meno ni kwamba vikombe hivyo vitano ni mashambulizi matano yaliyotenganishwa, kila moja likiwa na nusu saa hadi saa nzima ya asidi; na mtu anayeketi na chupa ya chai kando yake dukani, kwenye kituo cha bodaboda au ofisini, akimimina na kufyonza funda moja moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, hukipa kinywa chake asidi isiyokatika, hata kama jumla ya sukari aliyoinywa ni ndogo kuliko ya mwenzake aliyemaliza vikombe viwili vitamu sana mezani.

Ni muhimu kusema kwamba chai haina hatia. Mmea wa chai hufyonza floraidi kutoka katika udongo wenye asidi na kuihifadhi katika majani, zaidi katika majani yaliyokomaa kuliko katika majani mawili na chipukizi yanayochumwa, na floraidi hiyo, ambayo ni madini yanayosaidia enameli kukaza, huingia katika kikombe pamoja na viambato vingine vinavyozuia bakteria kushamiri. Maziwa nayo yana kalsiamu na fosfeti. Chai ya maziwa isiyo na sukari, kwa hiyo, ni kinywaji ambacho hakihitaji kuogopwa na mwenye meno, na chai ya rangi haina baya zaidi ya kuyapaka meno weusi unaoweza kusafishwa. Kinachoshauriwa si kuacha chai, jambo ambalo hakuna mtu wa Kericho atakayelikubali na wala halihitajiki, bali ni mambo mawili: kuinywa chai tamu pamoja na mlo na kuimaliza, kisha kunywa maji au chai isiyo na sukari katika nyakati nyingine, na kupunguza sukari kwa nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa ulimi huzoea mabadiliko ya polepole na hukataa ya ghafla. Nyumba inayopika chai kwa sufuria moja ipike bila sukari na kuweka bakuli la sukari mezani, maana sukari iliyotiwa jikoni huwa imewaamulia watoto kabla hawajaonja.

Vitu vingine vya utamu vinapimwa kwa kanuni hiyohiyo. Peremende ambayo mwenye duka humpa mtoto badala ya chenji ya shilingi moja hukaa kinywani kwa dakika kumi au zaidi, na hivyo hudhuru kuliko kipande cha keki kilicholiwa mara moja kwenye arusi. Muwa unaotafunwa njiani kutoka shule, biskuti zinazoganda katika mifereji ya magego, soda, juisi za pakiti, sukari guru na hata asali ya msitu wa Mau, ambayo wengi huiamini kuwa dawa, zote hugeuka asidi. Bakteria hawatofautishi sukari ya asili na ya kiwandani. Tunda zima, karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa, muhindi, maziwa ya kawaida na mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa, isiyotiwa sukari ni vitafunio vilivyo salama zaidi kwa mtoto aliyerudi nyumbani na njaa. Mursik ni chachu, ni kweli, lakini kalsiamu iliyomo huyapa meno kinga ambayo soda haina.

Kosa linaloleta madhara ya haraka kuliko yote ni kumlaza mtoto mchanga na chupa yenye chai, uji au maziwa yaliyotiwa sukari. Mtu akilala mate hupungua sana, na kile kilichobaki kinywani huyazunguka meno ya mbele ya juu usiku kucha, ndiyo sababu mtoto wa miaka miwili huonekana na visiki vyeusi pale palipostahili kuwa na meno meupe. Chupa ya usiku, ikiwa ni lazima, iwe na maji matupu, na mtoto aanze kuzoeshwa kikombe anapokaribia mwaka mmoja. Dawa za maji za kikohozi na za malaria mara nyingi hutiwa sukari pia, hivyo mtoto anayezitumia kwa siku nyingi anyweshwe maji baada ya kila kipimo.

Kupiga mswaki huja baada ya sukari kwa umuhimu, lakini hakuachiki, na jambo linaloufanya mswaki uwe kinga ni floraidi iliyo katika dawa ya meno kuliko msuguo wenyewe. Dawa inayofaa ni yenye floraidi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa kila milioni, kiwango ambacho huandikwa kwa maandishi madogo kwenye tyubu. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hupakiwa kiasi cha punje ya mchele tu, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, na mzazi ndiye anayepaswa kumpigia mswaki au kurudia baada yake hadi afike miaka 7 au 8, kwa sababu mkono wa mtoto mdogo haujaweza kazi ya kuyafikia magego. Meno hupigwa mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku, kabla ya kulala na baada ya kitu cha mwisho kuliwa, ndio usiokosekana; wengi hufanya kinyume, wakisafisha asubuhi ili kinywa kisinuke mbele za watu na kulala na mabaki ya chai ya jioni. Mswaki uwe laini, usukumwe kwa mizunguko midogo penye ukingo wa ufizi kwa dakika mbili hivi, kisha povu litemwe na kinywa kisisukutuliwe kwa maji mengi, maana maji huiondoa floraidi kabla haijafanya kazi. Baada ya soda au tunda lenye ukali kama ndimu, inafaa kungoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa enameli huwa imelainika.

Mswaki wa mti uliotafunwa ncha hadi ukawa nyuzi husafisha vizuri ukitumiwa kwa uangalifu, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuuunga mkono mahali ulipozoeleka. Upungufu wake ni kwamba ni vigumu kuufikisha upande wa ndani wa meno, na hauna floraidi isipokuwa ukipakwa dawa ya meno, jambo ambalo linawezekana kabisa. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga havifai, kwani hukwaruza enameli na kuchimba shingo ya jino, na weupe unaoonekana baada yake ni wa jino lililopunguzwa. Ufizi unaotoka damu wakati wa kupiga mswaki nao haupaswi kuachwa upumzike, kama wengi wanavyofanya; damu hiyo huonyesha kwamba ukoga umekaa hapo, na dawa yake ya kwanza ni kuusafisha kwa upole zaidi na mara kwa mara. Wanawake wajawazito hupatwa na hali hiyo kuliko wengine na wanaweza kutibiwa meno bila kungoja kujifungua.

Floraidi ina upande wa pili ambao wakazi wa Bonde la Ufa wanaujua kwa macho. Mapema katika karne ya 20 madaktari wa meno wa Colorado Springs nchini Marekani waliona watu wenye meno ya kahawia ambayo hata hivyo hayakuoza kwa urahisi, na mwaka wa 1931 ikabainika kwamba chanzo ni floraidi nyingi katika maji ya kunywa. Hali hiyohiyo, inayoitwa flurosisi, iko Nakuru, Naivasha na sehemu nyingine za Kenya ambako maji ya visima yamepita katika miamba ya volkano. Meno huathiriwa wakati enameli inapoundwa ndani ya taya, hasa kabla ya umri wa miaka 8, na baadaye hayawezi kupata doa hilo hata maji yakiwa na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita. Maji ya mvua yanayokingwa mapaani katika nyanda za Kericho, ambako mvua hainyimi, hayana tatizo hili, lakini familia, shule au kanisa linalochimba kisima kirefu linashauriwa kuyapima maji kabla ya kuyagawa, na mahali kiwango kinapozidi watoto wadogo wanyweshwe maji ya mvua. Chujio za mkaa wa mifupa, ambazo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imezitengeneza kwa miaka mingi, huiondoa floraidi. Kuchemsha maji hakuiondoi, bali huikoleza.

Kati ya meno yote, moja linastahili kuangaliwa kuliko mengine, nalo ni gego la kwanza la kudumu. Huchomoza mtoto anapofikisha miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa la utotoni na kuliacha lioze. Juu yake kuna mifereji myembamba kuliko unywele wa mswaki, ambamo chakula hujaa na hakuna usafishaji wa nyumbani unaofika. Njia ya kulikagua ni rahisi: mtoto hulazwa kichwa kikiwa mapajani pa mzazi, karibu na mlango au dirisha penye mwanga wa jua, mdomo wa juu huinuliwa kwa kidole ili kuona kama kuna mstari mweupe wa chokaa penye ufizi, kisha shavu huvutwa kando na gego la nyuma kabisa, juu na chini, hutazamwa baada ya kufutwa mate kwa kitambaa safi, kwa kuwa doa jeupe huonekana tu jino likiwa kavu. Kazi hiyo haizidi dakika mbili na inatosha kufanywa mara moja kwa mwezi. Daktari wa meno anaweza kuiziba mifereji hiyo kwa utomvu maalumu kabla haijaoza, bila kuchimba na bila sindano ya ganzi, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kutibu mzizi.

Jino lililokwisha kutoboka halina budi kutibiwa na mtaalamu. Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu kwa muda lakini hayazuii uozo. Tembe ya aspirini ikiwekwa juu ya ufizi huunguza nyama. Asidi ya betri na ugoro huharibu zaidi. Na dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa dukani hupunguza uvimbe kwa siku chache huku chanzo kikibaki ndani ya jino. Maumivu yanapokoma ghafla bila matibabu si kupona, kwa maana mara nyingi kiini kimekufa na jipu liko njiani. Uvimbe wa shavu au shingo unaofuatana na homa, kushindwa kufungua kinywa au kushindwa kumeza ni hatari kwa maisha, na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Si kila tundu linahitaji mashine ya umeme. Katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wa meno nchini Tanzania walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono pekee na kuziba tundu kwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, inayoshikana na jino na kutoa floraidi, njia ambayo baadaye ilienea duniani na ambayo huwafaa mno watoto wanaoogopa mashine na shule zilizo mbali na umeme. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo katika orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya majimaji yenye fedha na floraidi ambayo hupakwa juu ya tundu na kuusimamisha uozo, ingawa hulifanya doa kuwa jeusi. Mzazi anayeambiwa kwamba jino la mtoto ni la kung'olewa ana haki ya kuuliza kama mojawapo ya njia hizo inafaa.

Kung'oa kuna historia ndefu katika eneo hili. Wakalenjin wa zamani, kama majirani wao wengi, waling'oa meno mawili ya kati ya chini, na sababu iliyotolewa mara nyingi ni kwamba pengo hilo lingewezesha kumlisha mgonjwa aliyekazwa taya na pepopunda. Leo chanjo imeiondoa haja hiyo. Desturi nyingine iliyo hatari ni ile inayojulikana Tanzania na kwingineko katika Afrika Mashariki ya kukwangua ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa au kuhara kwa madai ya kuondoa "meno ya plastiki". Kinachoondolewa ni chipukizi la chonge la kawaida, na mtoto hubaki na kidonda, maambukizi na pengine jino la kudumu lililoharibika. Mtoto mwenye homa hupelekwa kliniki.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa takriban robo ya watoto na theluthi ya watu wazima, na wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona daktari wa meno isipokuwa kwa maumivu. Familia zinazouza majani chai hupata malipo makubwa mara moja kwa mwaka, bonasi inapotoka karibu na mwezi wa Oktoba, na huo ni wakati mwafaka wa kuwapeleka watoto wote kukaguliwa katika idara ya meno ya hospitali ya kaunti, wakiwa hawana maumivu, kabla fedha hazijakwisha kwa mambo mengine. Mzazi mwenye mtoto wa miaka sita au saba asingoje hata mwezi huo: amlaze mtoto wake kwenye mwanga leo, alitafute gego jipya nyuma ya yale ya utotoni, na akiliona, amwombe daktari alizibe mifereji yake lingali zima.